Mama, Mtoto Ana Tatizo Gani?

Kijijini kwa mama yangu, huko Tandahimba, msimu wa korosho una wageni wa mchana na wageni wa usiku. Wa mchana ni AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na mizani yake, foleni yake na stakabadhi zake. Wa usiku ni watu wa kangomba: bakuli mkononi, noti mfukoni, wananunua kwa aliyebanwa na shida asiyeweza kusubiri mnada. Kila mtu anajua bakuli lile huitwa kilo na kwamba si kilo. Ila limezidi kiasi gani hakuna aliyekuwa akiuliza, maana mwenye mgonjwa ndani hana muda wa kupima.

Binti yangu aliuliza. Alikuwa na miaka sita, tumekwenda kumsalimia bibi yake. Alichota korosho za bibi akaenda nazo dukani kwa jirani mwenye mizani, akamwomba ampimie kilo moja tu, akarudi nayo imefungwa kwenye khanga. Akakaa mkekani akazihesabu, akizipanga kumi kumi: 192. Halafu akachukua bakuli la mjomba wake, la ukubwa ule ule wa kangomba, akalijaza mpaka likafurika kama wanavyofurisha wao, akahesabu tena: 251. Nakumbuka vidole vimemjaa vumbi na midomo inamcheza asije akapoteza hesabu.

"Bibi," akasema, "ukimuuzia mabakuli manne umempa kilo tano na zaidi."

Mama yangu alimtazama, akanitazama mimi. "Huyu mpelekeni shule upesi, kabla hajatugombanisha na watu."

Tukampeleka.

Mimi ni fundi cherehani, ninashonea barazani kwangu Magomeni, Mtwara mjini. Sikusoma zaidi ya kidato cha nne. Mtoto alikuwa ameshajua kusoma kabla ya darasa la kwanza, kwa kuchungulia daftari langu la vipimo: kifua, kiuno, bega, na majina ya wadaiwa. Kwa hiyo mwaka ule wa kwanza wa kusoma, kuandika na kuhesabu aliupita kama mtu anayesubiri basi. Wa pili vilevile. Darasa la tatu, mwalimu wake akaniita.

"Fundi, mwanao ananisumbua," alisema, na hakusema kwa ubaya. Darasa lake lilikuwa na watoto 94. "Anamaliza kazi kabla sijashusha mkono ubaoni. Halafu anageuka nyuma anaanza kuwafundisha wenzake."

"Anawafundisha vibaya?"

Mwalimu akacheka. "Siyo vibaya. Ila darasa ni langu."

Akanionyesha matokeo ya muhula. Wa 31 kati ya 94. Hisabati alikatwa maksi kwa sababu anaandika jibu bila njia. Kiswahili aliandika insha ya mistari minne. Jiografia na mazingira alikuwa ameacha swali zima wazi na pembeni kachora pembetatu ndani ya pembetatu ndani ya pembetatu, mpaka kalamu ilipokosa nafasi. Nikaambiwa mtoto ana uwezo lakini hajitumi. Nadhani kila mzazi mwenye mtoto wa aina hii ameshasikia sentensi hiyo, na kama bado, ataisikia.

Kwetu mtoto mwenye akili ana kitambulisho kimoja, namba. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, hao ndio wanaosimamishwa mbele na kupigiwa makofi siku ya kufunga shule, wanapewa madaftari na rula. Sina ugomvi na makofi. Lakini mtoto wa 31 akija kusema ana kiu ya kitu kingine, nani atamsikiliza? Hata mimi mama yake sikumsikiliza. Nilikasirika nikampeleka tuisheni, alfajiri kabla ya shule na jioni baada ya shule, na huko akakuta maswali yale yale yaliyomchosha mchana, ila sasa kwa kulipia. Baada ya miezi miwili akaacha kuhesabu vitu. Alikuwa na tabia ya kuhesabu vigae, ngazi, vifungo kwenye kopo langu. Ikakoma. Nikafurahi, nikidhani ametulia.

Na nina kosa jingine ambalo bado linanichoma. Kwenye shughuli ya ndugu yetu, mbele ya wageni, nilimwita nikamwambia, "Hebu waambie 37 mara 48." Akasema. Watu wakapiga vigelegele. Mmoja akatoa namba nyingine, na mwingine, kama wanatupia karanga tumbili. Usiku akaniuliza, "Mama, kwani nikikosea ingekuwaje?" Sikuwa na jibu.

Basi nikaanza kuzunguka. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri akanielekeza kwa afisa elimu kata, ambaye naye alinielekeza kwenye ofisi moja ya elimu mjini, mlango wa mwisho upande wa kushoto. Nikaketi. Ofisa akaniuliza, kalamu tayari juu ya fomu: "Mama, mtoto ana tatizo gani?"

"Hana tatizo."

"Haoni vizuri? Hasikii?"

"Anaona mno."

Akaweka kalamu chini. Kumbe ile ndiyo ofisi ya elimu maalumu. Pembeni kulikuwa na fimbo nyeupe zimefungwa pamoja kwa mpira, na mashine ya nukta nundu imefunikwa kwa kitambaa kama cherehani yangu ninavyoifunika jioni. Yule bwana hakunifukuza. Alinieleza kwamba kwenye karatasi watoto wenye vipaji na vipawa ni wake pia, wametajwa humo humo pamoja na wasioona na viziwi. "Lakini mashine ni hii moja," akasema, "na watoto wanaoihitaji ninao wanne. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Nilikuja na hasira zangu zimepangwa vizuri, nikaziona zinaniishia. Ningefanya kama yeye.

Akanigeuzia bahasha akaandika nyuma yake shule za sekondari za serikali za vipaji maalumu. Za wavulana: Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Tabora Wavulana. Za wasichana: Kilakala iliyoko Morogoro, Msalato ya Dodoma, na Tabora Wasichana. Mtoto huchaguliwa kwenda huko baada ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, kwa alama zake. Niliisoma ile orodha mara mbili. Saba, na hakuna hata moja iliyo kusini ya Rufiji. Tena hakuna inayoanza kabla ya kidato cha kwanza, na mtoto wangu wakati huo alikuwa darasa la nne. Kabla ya kufika huko, mtoto wa aina yake hana mlango wake mwenyewe, anasukumana na wenzake kwenye mlango mmoja.

Nikiwa nasubiri bajaji nje nilifikiria kitu kidogo cha kijinga. Mwaka 2021 UMITASHUMTA, michezo ya taifa ya shule za msingi, ilifanyika hapa hapa Mtwara, na mimi nilipata kazi ya kupunguza bukta za timu moja ya watoto. Mtoto anayekimbia huonekana darasa la tatu. Mwalimu wa michezo anamwona, kata inamchukua, wilaya inampa jezi, mkoa unampeleka kambini, anakula wali kuku na kurudi na hadithi. Yule mwepesi wa hesabu hana kambi. Simwonei wivu mkimbiaji. Nilitaka tu kujua bukta ya wangu inashonwa wapi.

Nikarudi kwa mwalimu mkuu na ombi moja: mrusheni darasa. Zamani ilikuwa kawaida. Shangazi yangu alirushwa kutoka la tatu kwenda la tano na hakufa. Mwalimu mkuu akanieleza kwa utaratibu kwamba siku hizi mtoto ana namba ya usajili iitwayo PREM tangu anapoanza, inamfuata mwaka hadi mwaka, na mbele yake kuna upimaji wa darasa la nne. Kumtoa kwenye mstari ni kazi ya makaratasi kuliko ya elimu. Kisha akatabasamu. "Halafu, Fundi, huyu wako amesharushwa darasa na serikali." Alikuwa na maana ya mtaala mpya: waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 wataishia la sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Kwa hiyo nilichokuwa nakililia kwa mtoto mmoja kimeshatolewa kwa nchi nzima. Tulicheka wote wawili. Nikaondoka mikono mitupu.

Sasa nisogee barazani kwa mzee.

Mtaani kwetu kuna mzee anayetengeneza bao mwenyewe, la mti wa mninga, na kete zake ni komwe zilizong'aa kwa miaka ya kushikwa. Mashimo 32, safu nne za mashimo manane, kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni, sita kati ya hizo zimo ndani ya nyumba, lile shimo lake kuu, na 22 mkononi. Wazee hukusanyika pale baada ya alasiri. Si mahali pa mtoto, na hasa si mahali pa mtoto wa kike. Wangu alikuwa anapita akitumwa chumvi, akasimama nyuma ya nguzo. Kesho yake akasimama tena. Chumvi ikawa inachukua nusu saa.

Siku ya siku akashindwa kujizuia. "Babu, ukila hapo utaishia pale, halafu yeye anakula nyumba yako."

Baraza likanyamaza. Kwenye bao mtazamaji hana mdomo, hata awe na mvi. Mzee hakumwangalia. Akacheza alivyokusudia, kete zikaishia pale pale, na nyumba yake ikaliwa. Nasimuliwa kwamba alikaa kimya muda mrefu, akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka karibu na goti lake. "Kaa. Lakini ukisema tena bila kuulizwa unarudi kwa mama yako."

Wanawake wenzangu walinijia juu. Shangazi mmoja alisema msichana akizoea vijiwe vya wazee hatajua kukaa na wanawake wenzake. Mwingine alisema mambo ya mume, kama inavyosemwa. Nilitikisa tu kichwa. Nilikuwa nimeona kitu ambacho wao hawakukiona: mtoto alirudi nyumbani jioni ile ameshindwa michezo saba, macho yamemwiva, na akahesabu vifungo vyote kwenye kopo langu kabla ya kulala.

Alishindwa kwa miezi. Shuleni hakuwahi kukutana na kitu kilichomzidi nguvu. Kila kitu alikimaliza au alikipuuza. Pale barazani mzee alikuwa anamla kutoka kona asizozitarajia, kisha anarudisha kete nyuma, moja moja, kumwonyesha lilipoanza kosa. Mimi muda wote nilikuwa natafuta mahali atakapong'aa. Sikuwaza kwamba anahitaji mahali atakapopigwa vizuri, na mtu mwenye subira ya kumrudishia kete.

Kwa hiyo nilipoanza kusoma usiku kwenye simu, bando la usiku ni nafuu, nilikuwa nasoma kwa jicho jingine. Kiingereza changu ni cha kuchechemea lakini kinafika. Nilisoma habari za Lewis Terman, msomi wa Marekani aliyeanza mwaka 1921 kukusanya watoto wenye akili nyingi huko California, zaidi ya 1,500, na utafiti wake ukawafuatilia maisha yao yote. Walipimwa pia watoto wawili ambao hawakufikia alama, wakaachwa nje: William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja 1956 na mwingine 1968. Nilimsomea mume wangu akiwa nusu usingizini. "Kwa hiyo wa 31 wana nafasi," akasema, akageukia ukutani.

Kilichonifaa zaidi ni habari za Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka 1971 alianza mradi wa watoto wenye kipaji cha hisabati, na mbinu yake ilikuwa rahisi mpaka nikajiuliza mbona sikuifikiria: mtoto akigonga dari kwenye mtihani wa rika lake, mpe mtihani wa wakubwa. Mtihani wa rika lake unakuambia tu kwamba amemaliza. Ule wa wakubwa unakuonyesha amefika wapi na anakwama wapi. Ni kama kumpima mtu kifua kwa tepu fupi. Tepu ikiisha hujui kifua, unajua tepu.

Bahati ilikuja kwa miguu miwili. Shuleni walifika wanachuo wa ualimu kwa mazoezi ya kufundisha, na mmoja alipangiwa darasa la binti yangu. Kijana mdogo, shati moja jeupe analofua kila jioni. Nalijua kwa sababu niliushona mfuko wake uliochanika. Nikamweleza habari za tepu fupi. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Jumamosi akaja barazani kwangu na mtihani wa hisabati wa darasa la saba wa mwaka mmoja wa nyuma, maswali 45, akamkalisha binti chini ya mwarobaini na saa yake ya mkononi juu ya meza.

Alipata 29. Tulipopitia makosa, mengi yalikuwa vitu ambavyo hajawahi kufundishwa: alama asizozijua, maneno asiyowahi kuyasikia. Lakini kulikuwa na swali la eneo la duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 7. Hakujua kanuni, hakuwahi kusikia habari za pai. Kwenye daftari lake la hisabati, lile la miraba, alikuwa amechora duara kwa kuzungushia kamba kwenye msumari, kila upande wa mraba akauita sentimita, akahesabu miraba mizima, kisha akaunganisha vipande vya pembeni viwili viwili, vitatu vitatu, vikawa miraba. Akapata 152. Kwenye majibu ya kuchagua kulikuwa na 154, akalizungushia hilo, na pembeni akaandika kwa mwandiko wake wa kunguru: "miwili imepotea ukingoni."

Yule kijana alikishika kile kidaftari kwa muda. "Mama," akasema, "mimi nilikariri kanuni hii nikiwa darasa la sita. Mpaka leo sikuwahi kuona kwamba inahesabu miraba."

Kisha akampa mtihani wa Kiswahili wa darasa lake mwenyewe, la nne, na huko mtoto alikuwa wa kawaida kabisa. Insha mistari mitano. Nilishukuru zaidi kwa hili. Kama angerushwa darasa nilivyokuwa nadai, angepanda na hisabati yake na kuburuzwa kwa kila kitu kingine.

Tulikwenda kwa mwalimu mkuu pamoja, safari hii bila neno "kipaji" hata mara moja. Nimejifunza kwamba neno hilo humfanya mwalimu afikirie bajeti, au afikirie kwamba mzazi anajikweza. Tuliweka karatasi mezani tukaomba vitu vya bure. Kwamba Jumanne na Alhamisi, kipindi cha hisabati, aende kukaa darasa la sita kisha arudi. Kwamba akimaliza kazi darasani kwake aruhusiwe kufungua daftari lake la maswali, yaani si majibu: aandike maswali asiyoyajua, ukurasa mmoja kwa siku, na mwalimu yeyote mwenye dakika achague moja la kujibu. Na kwamba insha zake zisahihishwe kwa ukali kama za mtu mwingine.

Mwalimu wa hisabati wa darasa la sita, mama mtu mzima asiyecheka hovyo, alisoma ile sentensi ya miwili iliyopotea ukingoni. "Aje," akasema. "Lakini atakaa chini kama hakuna dawati."

Alikaa chini. Wiki ya kwanza alirudi analia, kwa sababu wale wakubwa walikuwa wanajua sehemu za desimali na yeye hazijui, na mwalimu hakumwonea huruma. Wiki ya tatu hakulia. Tuisheni niliisimamisha. Pesa yake ikawa nauli ya Jumamosi ya kwenda maktaba ya mkoa, na bando la kufungulia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, ambako vitabu vya kiada vya madarasa ya juu vinasomeka kwenye simu hata ya skrini iliyopasuka.

Daftari la maswali limenipa taabu kuliko nilivyotegemea. "Kwa nini korosho iko nje ya bibo wakati mbegu za embe ziko ndani?" Nimuulize nani? Agosti tukafunga safari kwenda Nanenane, viwanja vya Ngongo, Lindi, kilomita mia moja na kidogo, na ming'oko ya kuchemsha kwenye mfuko. Watafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, walikuwa na banda lao, wanaonyesha jinsi ya kubebesha miche ya mikorosho. Mtaalamu mmoja alimjibu swali la bibo: kwamba lile tunalokula si tunda lenyewe bali ni kikonyo kilichovimba, tunda halisi ni korosho. Akaendelea kumweleza jinsi wanunuzi wa nje wanavyopima ubora, kwamba moja ya vipimo ni kuhesabu korosho ngapi zinaingia kwenye kilo. Zikiwa chache ndivyo zilivyo kubwa.

"Za bibi yangu ni 192," akasema.

Yule mtaalamu akaacha mche aliokuwa ameushika. "Nani alihesabu?"

Walizungumza nusu saa. Nilikaa pembeni nikila ming'oko yangu, na kwa mara ya kwanza katika safari hii yote sikuwa na mtu wa kumwomba kitu.

Huko huko Lindi alisikia habari za mjusi wa Tendaguru, na tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Kwa wasiojua: kilima cha Tendaguru kiko mkoa wa Lindi, na kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa mikubwa kuliko yote imesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, kimo mita 13.27. Binti yangu alichukua tepu yangu ya kupimia, ya sentimita 150, nikiwa katikati ya gauni la mteja. Akaanza kwenye pedali ya cherehani. Tepu nzima mara nane, akitia alama ya chaki kila inapoishia, kutoka barazani, kupita karo, mpaka kwenye mwarobaini, halafu sentimita 127 nyingine hadi karibu na ukuta wa jirani. Akalala chali kwenye mchanga, miguu kwenye alama ya mwisho, akaangalia juu. Baadaye akapiga hesabu ya wapagazi: kama kila mmoja alibeba kilo 25, ni mizigo 8,000. Swali lililoandikwa daftarini siku hiyo: "Waliobeba waliwahi kumwona akiwa amesimama?"

Mwalimu wa darasa la sita alisema hilo si la hisabati, akalijibu hata hivyo. Alimwambia aandike insha kulihusu. Ikatoka kurasa tatu.

Mzee wa bao hupenda kunikumbusha kwamba Rais Mkapa alitoka kijiji cha Lupaso, akapita shule ya Ndanda, akafika Ikulu. Ananiambia kunipa moyo. Mimi humjibu kwamba Lupaso ilikuwa na watoto wengi mwaka ule. Hapo hunyamaza, anapanga kete.

Oktoba upimaji wa darasa la nne ukapita. Desemba yule mama wa hisabati akapata uhamisho wa kumfuata mumewe. Kijana wa shati jeupe alikuwa ameshamaliza mazoezi yake zamani, akarudi chuoni. Mpango wetu haukuwa umeandikwa popote. Ulikuwa unaishi kwenye vichwa vya watu wawili, na wote wameondoka. Januari binti akaingia darasa la tano, mwalimu mpya, watoto 101. Wiki ya pili akaja na ujumbe: mzazi aje.

Nilifunika cherehani. Nikachukua bahasha niliyoianza tangu siku ile ya mwarobaini: mtihani wa maswali 45, karatasi ya miraba yenye duara, ile insha ya kurasa tatu, na daftari la maswali ambalo sasa ni la nne. Mwalimu mpya alikuwa kijana, amechoka, chaki hadi kwenye kiwiko. Tulisalimiana, akanivutia kiti.

"Mama," akasema, "mtoto ana tatizo gani?"

Nikafungua bahasha, nikaitandaza karatasi ya duara mbele yake, nikaweka kidole pale ukingoni ilipopotea miraba miwili. Akainama. Kengele ya mapumziko ikagonga, watoto 101 wakatoka kwa kishindo, naye akabaki ameinama.